Mdomo wa injini ya ndege: bora mfupi au mrefu?

Ukiiangalia injini ya ndege kwa mbele macho yanaenda kwenye feni, ule mdomo mpana ulioizunguka unauona kama ganda tu la kufunikia. Kumbe ubishi uko hapo hapo, na siku hizi umepamba moto maana feni zinazidi kunenepa, ya injini ya GE90-115B ina kipenyo cha karibu mita 3.25 na ya injini mpya zaidi, GE9X, imefika 3.4, na feni ikinenepa mdomo nao lazima ukue, unaongeza kilo, unaongeza ngozi ya kusuguana na hewa, mpaka mafuta uliyookoa kwa feni kubwa yanaanza kuliwa na ganda lake. Ndo maana kuna wanaosema fupisheni.

Na kiukweli wana hoja. Angani ndege inakwenda kama 0.85 ya mwendo wa sauti, feni inataka hewa ya 0.6 hivi au chini kidogo, iliyotulia, kwahiyo mdomo unatanuka taratibu kwa ndani, hewa inapunguza mwendo na presha inapanda, basi. Kazi nyepesi, inafanyika masaa kibao, sasa urefu wote ule wa nini?

Ngoja kwanza ifike kwenye kupaa. Injini inavuta kwa nguvu zote na ndege bado iko taratibu, hapo hewa inanyonywa kutoka kila upande, mpaka ile iliyo nje nyuma ya ukingo inarudi na kukata kona kali iingie ndani, halafu pua imeinuliwa, au kuna upepo wa ubavuni. Ukingo ukiwa mwembamba hewa inashindwa kuifuata ile kona, inabanduka ukutani, na kila panga la feni kwa kila mzunguko linatoka kwenye hewa safi linaingia kwenye hewa iliyovurugika, linatoka tena, yaani linapigwa makofi mfululizo. Mdomo mrefu unaipa hewa nafasi ya kujipanga kabla haijafika huko, mfupi hauna huruma hiyo. Ukisema basi ukingo uwe mnene, sawa, kupaa utapaa vizuri ila huko juu ndo utaulipia kwenye mafuta.

Zamani walijaribu kula pande zote mbili. Boeing 747 za mwanzo zilikuwa na vimilango pembeni ya mdomo, vinafunguka wakati wa kupaa hewa ya ziada iingie, vikifika juu vinajifunga. Wazo zuri sana kwenye karatasi, tatizo feni ikawa inakata hewa iliyochafuliwa na vile vimilango, kelele zikazidi, vikaondolewa.

Kelele ndo hoja ambayo wapenda ufupi huwa wanaipita haraka haraka. Ukuta wa ndani wa mdomo una vitundu vidogo vidogo kibao, na nyuma yake kuna kitu kama sega la nyuki, kazi yake kumeza sauti ya feni. Kata urefu, umekata na sega.

Mi naegemea upande wa ufupi, ila kwa sharti feni na mdomo vichorwe pamoja tangu mwanzo, maana feni ikiwa karibu na ukingo mvuto wake wenyewe unasaidia kuishika hewa isibanduke, kitu ambacho huwezi kukiona ukipima mdomo mtupu. Na umbo si msahafu, Boeing 737-300 ya mwaka 1984 ilibidi mdomo ubanwe chini uwe bapa kwa vile ndege yenyewe imekaa karibu na ardhi, na zimeruka hivyo miaka yote.

Wengine ubishi umewachosha wakautoa mdomo kabisa. Mradi wa injini ya RISE, wa kampuni ya injini za ndege ya CFM, uliotangazwa 2021 feni yake iko uchi, hakuna ganda la kubeba, ila pia hakuna ukingo wa kuipokelea upepo wa ubavuni wala sega la kumeza kelele, yote hayo sasa ni mzigo wa mapanga yenyewe.