Mikungu Sita kwa Mjomba Mtu

Tukuyu mvua haibishi hodi. Jumapili niliyokwenda kujitambulisha kwa kina mchumba wangu ilinidaka Kiwira, nikafika nimelowa mpaka soksi. Mjomba wake, baharia mstaafu, alipoona sina pa kukimbilia akatoa ubao.

"Bakigamoni hii. Waturuki wanaiita tavla. Kete 15 zako, 15 zangu. Unazizungusha mpaka nyumbani kwako, halafu unazitoa. Anayezimaliza kwanza kashinda. Tuwekeane mkungu mmoja wa ndizi, tusije tukasinzia."

Mimi mtu wa Makambako, drafti naijua. Nikasema moyoni, huyu mzee nitamhurumia.

Kilichoniponza ni malezi. Mzee akarusha dadu, akawa anawaza. Mimi nikaziokota haraka, nikainama, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mbona umezizoa? Sijacheza! Dadu anaokota mwenyewe, na akishaokota, zamu yake imekwisha."

Nikaomba radhi. Nikarudia mara mbili zaidi, mkono hausikii. Nikasogeza kete kwa mikono miwili, nikakemewa: "Mmoja!" Dadu yangu ikaegemea kete: "Haijalala hiyo, rusha upya zote mbili!"

Kisha kete yake moja ikabaki peke yake, na dadu zangu zinaifikia kabisa. Nitamlaje mjomba mtu, kibarazani kwake, na posa yenyewe haijapokelewa? Nikacheza pengine. Yeye hakuwa na aibu hiyo. Alikula yangu, akala na nyingine, zikakaa katikati ya ubao kama abiria waliokosa gari.

Hapo akachukua dadu ya tatu, ya ajabu, imeandikwa 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Akaigeuza kwenye 2, akaniwekea mbele. Zawadi ya mzee inakataliwa? Nikaipokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, mjomba," nikashukuru kwa Kinyakyusa.

Jikoni mchumba wangu akakohoa. Kumbe kuipokea ni kukubali dau liwe maradufu. Ningeikataa, ningelipa mkungu wangu mmoja nikaenda zangu kula mbalaga, ndizi zao za kupika.

Mzee akafunga milango yote 6 ya nyumbani kwake. Kete zangu zilizoliwa hazina pa kuingilia tena ubaoni, hata kurusha dadu sina haja, nikabaki kuangalia mvua. Alipotoa kete yake ya 15, mimi sijatoa hata moja, na moja bado imekwama pale katikati.

"Hiyo inahesabiwa mara tatu," akasema kwa upole. "Na dau lilikuwa mbili."

Mikungu sita, Jumapili, mvua inanyesha, mgeni. Mkewe akanionea huruma: shambani kwake, nyuma ya nyumba, ipo. Akaikata, nikaibeba mmoja mmoja mpaka kibarazani kwa mumewe, hatua kama ishirini. Akanitajia bei ya stendi.

Nikainama, nikampa hela kwa mikono miwili. Hapo hakuna aliyenikemea.