Shujaa Mkubwa Kuliko Wote na Mfuko Wangu wa Sembe

Kununua mfuko wa sembe wa kilo 25 pale Kariakoo ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye akili zake. Mimi ilinichukua tangu saa tisa alasiri hadi baada ya magharibi, na mke wangu mpaka leo anaamini kwamba nilikuwa mahali pa aibu, kwa sababu maelezo yangu ya kwamba nilikuwa nikimtafuta shujaa mkubwa kuliko wote wa taifa hili hayakumwingia hata kidogo. Alinitazama, akautazama mfuko, kisha akaniuliza kama huyo shujaa amepatikana, na kama amepatikana, je, anajua kusonga ugali?

Naeleza yaliyotokea ili waungwana waamue wenyewe.

Ilikuwa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, siku ambayo kwenye mnara huwekwa mkuki na ngao, sime na mashada ya maua, na sisi wengine tunaendelea na kazi kama kawaida, maana si siku ya mapumziko. Jambo hili limeniudhi kwa miaka mingi. Mwalimu Nyerere hutupumzisha tarehe 14 Oktoba, na Mzee Karume hutupumzisha tarehe 7 Aprili, lakini mashujaa wengine wote waliobaki, wakijumlishwa wa Maji Maji na wa Kagera, hawajaweza kunipatia hata nusu siku ya kulala. Nilikuwa nimetoka zamu yangu ya stoo, nimeshanunua sembe, mfuko uko begani na bega linalalamika, nikapita kwenye kijiwe cha kahawa kisicho mbali na Mnazi Mmoja, nikautua mfuko ili nipumue, na katika kupumua huko nikayasema hayo kwa sauti. Nilidhani natania tu. Lakini neno shujaa halitamkwi ovyo mbele ya wanaume wanane wenye kahawa mkononi na wasio na pa kwenda.

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha historia mpaka mvi zikamfundisha yeye, alitaka kuufunga mjadala kabla haujafunguliwa. Alisema shujaa ni Mwalimu Nyerere, na kikao kimekwisha. Akahesabu kwa vidole: TANU mwaka 1954, Uhuru mwaka 1961, Muungano mwaka 1964, Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1985 akang'atuka mwenyewe bila kusukumwa, jambo ambalo kwa maoni yake ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa yeye binafsi anamfahamu mjumbe wa nyumba kumi ambaye hajang'atuka tangu enzi hizo.

Sikuwa na neno dhidi ya Mwalimu, na nani anaye? Lakini nilikuwa na noti ya shilingi 1,000 mfukoni, nikaitoa. Nikasema, kwa heshima zote, sura ya Mwalimu iko hapa kwenye noti ya 1,000, ilhali kwenye ya 2,000 yuko simba, kwenye ya 5,000 yuko faru, na kwenye ya 10,000 yuko tembo. Ikiwa Baba wa Taifa ndiye mkubwa kuliko wote, imekuwaje wahitajike Baba wa Taifa kumi ili kumfikia tembo mmoja ambaye hakupigania chochote ila migomba ya watu? Na Mzee Karume yeye yuko kwenye sarafu ya 500, ambayo kila Ijumaa hupotelea katika mshono uliofumuka wa suruali yangu.

Watu walicheka. Mwalimu mstaafu hakucheka. Alikunywa funda moja, akaniambia kwa utaratibu, kama anavyoambiwa mtoto wa darasa la tatu, kwamba Mwalimu alikaa na wanyonge katika uhai wake na anaendelea kukaa nao, kisha akaniuliza huyo tembo wangu naonana naye mara ngapi kwa mwezi. Nikanyamaza. Naonana naye mwisho wa mwezi tu, tena huwa halali kwangu.

Hapo wakaafikiana kwamba Mwalimu awekwe pembeni, kama timu iliyokwisha kufuzu, na mashindano yawe ya nafasi inayofuata. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ila ndio ulioniponza, kwa sababu sasa kila mtu aliingia uwanjani na wa kwao.

Mzee wa Kihehe alimleta Mkwawa. Alitueleza jinsi kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski kilivyoangamizwa pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na Zelewski mwenyewe akabaki huko huko. Jinsi Mkwawa alivyowazungusha kwa miaka kadhaa baada ya hapo, na mwaka 1898 alipoona amezingirwa akajipiga risasi kuliko kushikwa. Haya tuliyajua. Lakini mzee alikuwa amebakiza karata. Akauliza ni shujaa gani mwingine hapa duniani ambaye fuvu lake limetajwa katika Mkataba wa Versailles, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza. Ibara ya 246, akasema, na akairudia namba hiyo mara tatu kama mtu anayesoma namba ya gari lililomgonga. Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Likarudi mwaka 1954, na sasa lipo Kalenga.

Mimi nilivutiwa na hiyo miezi sita iliyogeuka miaka zaidi ya thelathini, maana nina fundi cherehani aliyechukua kitambaa changu akaahidi suti kabla ya Idi, bila kutaja Idi ya mwaka gani, na nilitaka kujua kama ibara hiyo inaweza kumhusu. Sikupewa nafasi. Fundi viatu, ambaye ni Mngoni na kwa hiyo ni mtani wa Wahehe, alikwisha kudakia kwamba Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na wenzake, na mji mzima ukachukua jina lake, sasa huyo Mkwawa ana mji gani? Akajibiwa kwamba mtu mwenye ibara hahitaji mji. Nusura wagombane, na kiatu cha mteja kikatumika kama rungu la mwenyekiti.

Kosa kubwa zaidi alilifanya kijana mmoja aliyesema kuwa kwa vyovyote vile tusimtaje Kinjekitile, kwa kuwa maji yake hayakuzuia risasi hata moja. Kijana hakujua kwamba muuza kahawa ni Mmatumbi. Muuza kahawa alilirudisha dele juu ya mkaa, akafuta mikono, na akatangaza kwamba hakuna finjani itakayojazwa mpaka jambo hilo lisawazishwe. Watu walikuwa wakilimishwa pamba kwa lazima, akasema, na mwaka 1905 wazee wake waliing'oa ile pamba shambani. Maji ya Ngarambe hayakuwa ya kuzuia risasi peke yake, yalikuwa ya kuwafanya watu wa makabila mbalimbali, ambao hawakuwahi kukaa mkeka mmoja, wasimame dhidi ya adui mmoja. Yeye Kinjekitile alinyongwa vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Sote tukakubali upesi sana kwamba ni shujaa mkubwa. Mwenye dele hapingwi. Nimeshuhudia mijadala mingi ya kitaifa ikiamuliwa kwa njia hiyo hiyo, ila mahali pengine si kahawa.

Ndipo mtani wangu Mnyamwezi, aliyekwisha kumsimamisha Mirambo wa Urambo na kumsifu kama jamaa yake wa karibu, akanigeukia. Akauliza sisi Wazaramo tunampeleka nani, mpiga ngoma wa mdundiko? Mimi sikubabaika. Nikamwambia hapa Dar es Salaam ndipo alipozaliwa Bibi Titi Mohamed, mwaka 1926, aliyetoka kwenye uimbaji wa ngoma za mjini akaingia TANU na kuwaleta wanawake kwa maelfu, wakati wanaume wengi walikuwa bado wanaogopa kuonekana na kadi. Baadaye akashtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akasamehewa mwaka 1972, na leo barabara yake inapita hapo hapo mbele yetu, ageuze shingo aione.

Nilitegemea makofi. Badala yake mama anayeuza kashata, ambaye muda wote alikuwa kimya akihesabu chenji, akasema tumekaa saa moja na nusu tukitaja wanaume, na mwanamke wa kwanza ametajwa kwa sababu ya kumkomoa Mnyamwezi. Akaongeza kwamba nilikuwa na deni la kashata mbili. Nikalipa.

Mambo ya michezo nayapitia haraka. Kijana yule yule wa maji akamtaja Mbwana Samatta kwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, wazee wakaguna. Mwingine akamtaja Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, wazee wakatabasamu. Lakini alipotajwa John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, kijiwe kizima kilitulia kama msibani.

Utulivu huo ulinifikirisha. Bibi yangu kule Kisarawe alikuwa akisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nikiwa mtoto nilichagua kicheko mara moja, wala sijajuta. Sasa nilipowapanga wale waliotajwa, mmoja alijiua, mmoja maji yake yalishindwa, mmoja alinyongwa, mmoja alifungwa, mmoja alifika uwanja karibu mtupu na bandeji mguuni. Taifa zima linaloshangilia ushindi wa bao moja kwa siku tatu limeweka mapenzi yake kwa watu walioshindwa. Nikajitazama mimi mwenyewe, ambaye nimeshindwa na nauli, na ada, na paa linalovuja, nikaona kwa kigezo hicho sipo mbali.

Labda ni kashata, labda ni vikombe sita vya kahawa chungu, lakini hapo nikasimama nikahutubia. Nikawaambia shujaa wanayemtafuta wamempita asubuhi wakija, kwani jina lake limeandikwa kwenye vibao vya mabasi. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916 waliwaweka hapa wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukalichukua jina hilo ukalitia ladha likawa Kariakoo. Wanyama wa mizigo walikuwa wakifa kwa mbung'o, kwa hiyo risasi, mahindi na mizinga iliyokongolewa vilikwenda juu ya vichwa vya watu, kila mmoja na kilo 20 na ushei, mwendo wa majuma na majuma katika matope. Wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na wengi wa waliokufa ujira wao haukuwafikia jamaa zao. Pale Posta liko Sanamu la Askari, tangu mwaka 1927, mahali ambapo Mjerumani alikuwa amemsimamisha Wissmann wake. Askari ameshika bunduki yenye singe, safi kabisa, lakini je, risasi zake alimbebea nani? Wenzetu wa Nairobi, katika sanamu lao la vita ile ile, wamewaweka watu watatu na mmoja wao ni mpagazi. Sisi tuliolichukua jina lake tukaliuzia nyanya, yeye mwenyewe hatukumpa hata kipande cha shaba cha kukalia.

Walipiga makofi. Mwalimu mstaafu alinipa mkono. Mzee wa Kihehe alisema hoja ina uzito ingawa haina ibara. Muuza kahawa alinijazia finjani bila malipo, na mama wa kashata akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Kisha simu ikalia, mke wangu akauliza kama sembe imekwenda kusagwa Iringa, nikaaga kwa haraka, nikaubeba mfuko, na baada ya hatua kama hamsini bega likagoma.

Kijana mmoja mbeba mizigo alikuwa nyuma yangu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mpaka Gerezani kituoni ni shilingi ngapi?”

“Elfu tatu tu, mzee wangu.”

Nikamwambia huo ni wizi, njia yenyewe ni fupi, nami nitampa elfu moja, achukue au aache.

Hakukasirika. “Mzee wangu,” akasema, “ulipokuwa unahutubia mimi nilikuwa nimekaa juu ya huu mfuko wako. Umesema mpagazi ndiye shujaa mkubwa kuliko wote, watu wamepiga makofi, na mimi nimepiga. Sasa shujaa mkubwa kuliko wote unampa buku?”

Nikamfafanulia, kwa lugha ya kitaalamu kadiri nilivyoweza, kwamba hotuba ile ilihusu marehemu wa Vita Kuu ya Kwanza.

“Si umesema wale hela zao hazikufika nyumbani?” akauliza. “Na yangu unataka usubiri nife?”

Mtu akishindwa kwa hoja na bega linauma, anachokoza nini tena? Nikatoa simba mmoja na Mwalimu mmoja, nikamkabidhi. Aliunyanyua mfuko kwa mkono mmoja, akauweka kichwani kana kwamba ni kofia, akatangulia, nami nikamfuata mbio mbio nikiwa nimebeba kashata mbili zilizofungwa katika karatasi.

Tulipofika Gerezani nilijipekua. Alikuwa amebaki Mzee Karume peke yake, na nauli ya Mbagala inamzidi. Nikampigia mke wangu anitumie fedha kwenye simu. Akauliza ile ya nauli nimeipeleka wapi, nami nikamjibu ukweli mtupu, kwamba nimempa shujaa.

Akakata simu.