Orodha ya treni isiyo na DeFord Bailey haijakamilika

Rafiki yangu mmoja alinitumia linki ya orodha ya nyimbo za kantri kuhusu treni. Aliitengeneza pamoja na wenzake na akanikaribisha niongeze zangu. Nilifurahi mno. Nikaweka "Pan American Blues" ya DeFord Bailey na "Freight Train" ya Elizabeth Cotten, kisha nikaendelea na shughuli zangu. Nilipoifungua tena jioni, zote mbili zilikuwa zimeondolewa. Mmoja wa wale wenzake alikuwa ameniachia ujumbe mfupi: hizi si kantri, zipeleke kwenye orodha za bluzi.

Naandika haya hasira ikiwa bado haijatulia.

DeFord Bailey si kantri? Huyu alikuwa mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio na jukwaa la kantri la Nashville. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Desemba 1927, redio WSM ya Nashville ilikuwa imetoka kurusha kipindi cha muziki wa okestra na opera. Mtangazaji George D. Hay akamkaribisha Bailey apige harmonika yake, na Bailey akaiga treni ya Pan-American: mluzi wake, magurudumu yake, jinsi inavyoshika kasi. Hapo ndipo Hay alipokibatiza kipindi chake jina ambalo jukwaa lile linalo mpaka leo. Yaani jina la jukwaa maarufu kuliko yote ya kantri lilizaliwa sambamba na wimbo wa treni uliopigwa na Mweusi, mjukuu wa mtu aliyekuwa mtumwa. Mwaka 1941 walimwachisha kazi. Akajitafutia riziki kwa kung'arisha viatu mjini Nashville, akafariki 1982, na Country Music Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanakantri, ikamwingiza mwaka 2005, miaka 23 akiwa kaburini. Halafu leo anaondolewa tena, na safari hii anayemwondoa ni mpenzi wa muziki huuhuu, kwa kubofya mara moja.

Sidhani ndugu yule ana nia mbaya. Amefuata kilichoandikwa kwenye programu ya kusikilizia muziki. Programu imemwambia Bailey ni bluzi, naye akaamini. Hapo ndipo penye ugomvi wangu, kwa sababu mpaka huo haukuwekwa na wanamuziki. Uliwekwa na wauza santuri. Miaka ya 1920 kampuni za Marekani zilikuwa na katalogi mbili: moja ya wanunuzi Weusi, nyingine ya wazungu wa mashambani na milimani. Mpiga fidla Mweusi na mpiga fidla mzungu wangeweza kuwa wamejifunza tuni ileile kwa mzee mmoja, lakini santuri zao zilitiwa kwenye vitabu tofauti na kutangazwa kwenye magazeti tofauti. Banjo yenyewe asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alikulia kwenye reli za Mississippi akisikiliza vibarua Weusi wakiimba kazini. Julai 1930 alirekodi "Blue Yodel No. 9" huku Louis Armstrong akipiga tarumbeta na Lil Hardin Armstrong piano, na majina yao hayakuandikwa kwenye lebo ya santuri. A.P. Carter wa Carter Family, kundi la familia ya kizungu, alizunguka milimani kukusanya nyimbo akiwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi mwenye mguu mmoja, aliyezihifadhi tuni kichwani wakati Carter akiandika maneno. Uondoe upande mmoja wa historia hiyo uone kitakachobaki.

Ndiyo maana napenda orodha za mada kuliko orodha za aina ya muziki. Mada haijali katalogi. Ukisema treni, umesema treni: anayeingia ni yule mwenye la kusema kuhusu treni. Elizabeth Cotten alitunga "Freight Train" akiwa msichana mdogo North Carolina, akisikia mabehewa yakipita karibu na kwao. Alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo aliligeuza gitaa juu chini bila kubadilisha nyuzi, akapiga besi kwa vidole na melodi kwa dole gumba. Aliacha muziki kwa miongo mingi, akafanya kazi za nyumbani kwa familia ya Seeger, wanamuziki wa folk, na albamu yake ya kwanza ikatoka 1958 akiwa ameshavuka miaka sitini. Mtindo wake wa gitaa wanaupiga watu wa kantri, wa folk na wa Americana (muziki unaochanganya kantri, folk na bluzi) mpaka kesho. Ukimtoa yeye kwenye orodha ya treni, nieleze unambakisha nani na kwa hoja gani.

Tena kazi hii ilishafanywa, na ikafanywa vizuri, kabla ya intaneti kuwapo. Mwaka 1952 Harry Smith alichukua santuri kuukuu 84 kutoka kwenye mkusanyo wake, zilizorekodiwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, akazipanga upya, na kampuni ya santuri ya Folkways ikazitoa kwa jina la *Anthology of American Folk Music*. Alizigawa mafungu matatu: nyimbo za masimulizi, muziki wa ngoma na ibada, na nyimbo nyinginezo. Hakuandika popote nani Mweusi na nani mzungu. Smith mwenyewe alikuja kusimulia kwamba ilichukua miaka watu kugundua kuwa Mississippi John Hurt hakuwa mzungu wa milimani.

Sikiliza alivyopanga fungu la kwanza. Carter Family wanaimba kuhusu dereva kijana aliyekufa kwenye ajali ya treni namba 143. Wimbo ukiisha, unaofuata mara moja ni "Kassie Jones" wa Furry Lewis, mpiga bluzi wa Memphis, kuhusu dereva mwingine aliyekufa kwenye ajali nyingine, ile ya Mississippi ya Aprili 1900. Familia ya kizungu kutoka milima ya Virginia, kisha mwanamume Mweusi na gitaa lake, msiba mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza unakuliza kwa jinsi mama anavyomwonya mwanawe. Wa pili unazunguka, unarukaruka, unachanganya mambo ya dereva na mambo ya mwimbaji mwenyewe, na kufikia katikati hujui tena ni nani anayepanda treni ile. Ukisikiliza wimbo mmojawapo peke yake, ni mzuri. Ukizisikiliza zikifuatana, unasikia nchi nzima ikijaribu kuelewa mashine iliyoiletea kazi, safari na vifo. Mpangilio ndio umefanya hivyo. Hakuna aliyeongeza noti hata moja.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa dhati: ukishiriki orodha, zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo na umwambie unayemtumia afanye hivyo. Waandikie wasikilizaji mistari miwili mitatu mahali pa maelezo. Wengi hupaacha patupu, na hapo ndipo ungesema kwa nini wimbo huu uko jirani na ule. Angalia pia miaka. Huduma hizi huonyesha mwaka wa toleo la karibuni, kwa hiyo rekodi ya 1927 inaonekana kama ya juzi, na msikilizaji mgeni hawezi kujua kwamba anayemsikia alitangulia wengine wote. Na uhakikishe umeweka rekodi ya asili. Waimbaji wengi wa kantri walirudia nyimbo zao wakiwa wazee kwa ajili ya lebo ndogo, na mara nyingi ni hizo zinazojitokeza kwanza ukitafuta.

Urefu? Nyimbo kumi na tano zinatosha. Orodha ya nyimbo mia mbili haijachaguliwa na mtu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba ile mitambo ya kupendekeza nyimbo ina faida yake. Kuna waimbaji nisingewajua bila hiyo. Nakubali pia kwamba majina ya aina za muziki humsaidia mgeni kupata mlango wa kuingilia, na kwamba Americana, tangu chama chake kiundwe 1999 na tuzo yake ya Grammy ianze 2010, imewapa makazi waimbaji ambao redio za kantri ziliwafungia nje. Lakini mlango si ukuta. Mwaka 2019 jarida la Billboard liliuondoa wimbo wa Lil Nas X, rapa Mweusi, kwenye chati yake ya kantri likisema hauna vya kutosha vya kantri ya leo. Miaka mitano baadaye Beyoncé alikuwa kileleni mwa chati hiyohiyo, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika pale, banjo ikipigwa na Rhiannon Giddens, na kwenye albamu yake akamleta Linda Martell, mwimbaji Mweusi wa kantri aliyepanda jukwaa la Opry mwaka 1969 na kutoa albamu moja tu ya kantri kabla ya milango kufungwa. Kizazi hiki kimeyaona haya kwa macho yake. Hatuna kisingizio cha kuendelea kupanga nyimbo kama wauza santuri wa 1925.

Nimetengeneza orodha yangu mwenyewe ya treni. Bailey anafungua. Rodgers na Armstrong wako katikati, na safari hii majina yote yameandikwa kwenye maelezo. Cotten yuko kabla ya Johnny Cash, kwa sababu baada ya kusikia treni ya mtoto anayetamani kukimbia, treni ya "Folsom Prison Blues" inayompita mfungwa gerezani inauma zaidi.

Sasa natengeneza orodha ya nyimbo za mafuriko. Tayari nina Bessie Smith wa 1927, Charley Patton akiimba gharika ya mto Mississippi, Memphis Minnie na Kansas Joe na ukingo wao unaobomoka, wote wa 1929, na Cash wa 1959 akipima maji futi kwa futi mlangoni kwa wazazi wake Arkansas. Nimekwama baada ya hapo: nataka sauti za leo, za mwanamke mmoja angalau, na sitaki wimbo unaotumia mvua kama mapambo tu ya penzi lililovunjika. Mwenye nao anitumie, aniambie na nani amekaa kwenye gitaa.