Indian Point walizima kwanza, mbadala wakaanza kuutafuta baadaye

Kila nikikuta watu wanabishana kuhusu Indian Point, mtambo wa nyuklia wa New York uliozimwa, naona makundi mawili tu, wanaosema afadhali lile dude limezimwa watu walale usingizi, na wanaosema waliopigania lizimwe walikuwa hawajui hesabu. Kuna kundi la tatu ambalo hakuna anayelisikiliza, wale waliokuwa wanasema sawa, zimeni, ila sio leo. Hawa ndio waliotukanwa kuliko wote, wakaitwa vibaraka wa kampuni, na kadiri miaka inavyokwenda naona walikuwa na hoja.

Mtambo wenyewe uko Buchanan, kando ya mto Hudson, kilomita kama 40 kaskazini mwa mpaka wa jiji la New York. Vinu viwili vya nyuklia, jumla megawati 2,000 na ushee, karibu robo ya umeme wa jiji na wilaya ya Westchester. Januari 2017 serikali ya gavana Andrew Cuomo, kampuni ya Entergy iliyokuwa inaumiliki na watetezi wa mto wa Riverkeeper wakasaini makubaliano ya kuufunga, kinu namba 2 kikazimwa tarehe 30 Aprili 2020 na namba 3 tarehe kama hiyo mwaka 2021.

Hofu ya waliotaka ufungwe sio ya kubeza. Ndani ya kilomita 80 kuna watu zaidi ya milioni 15, sasa siku kimenuka unawahamisha vipi, kwa barabara zipi, wakati jioni ya kawaida tu foleni haisogei? Ripoti ya tume ya mashambulizi ya 11 Septemba inasema Mohamed Atta aliwahi kufikiria kulenga kituo cha nyuklia alichokiona akiwa angani karibu na New York, na mtu akishasoma hiyo huwezi kumwambia anaota. Tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, ilivuja kwenye maji ya ardhini, Mei 2015 transfoma ikashika moto mafuta yakaingia Hudson, na ule mfumo wa kupoza ulikuwa unavuta mabilioni ya lita za maji ya mto kila siku na kuua mayai na vifaranga vya samaki kwa idadi ya kutisha. Haya yote ni kweli. Mtu anayeishi Peekskill, mji wa jirani na mtambo, akisema hakutaka kulea watoto chini ya kile kivuli namuelewa.

Ila angalia umeme wa kuziba pengo ulitoka wapi. Wanasiasa walisema upepo, jua, kubana matumizi, na kebo ya umeme wa maji kutoka Canada. Sasa nenda kwenye tathmini ya NYISO, hao ndio wanaosimamia gridi ya jimbo, waliyoitoa Desemba 2017 wakijibu swali moja, Indian Point ikifungwa taa zitabaki zinawaka? Wakajibu ndiyo, kwa sharti kwamba mitambo mitatu ya gesi iwe imeingia kazini: CPV Valley, Cricket Valley na upanuzi wa Bayonne. Jumlisha unapata kama megawati 1,800. Yaani jukwaani inasemwa kijani na kwenye karatasi za mafundi imeandikwa gesi, na karatasi za mafundi ndizo zilizotimia.

Takwimu inayonikera ni hii. Mwaka 2019, vinu vyote viwili vikiwa vinafanya kazi, umeme unaozalishwa upande wa kusini wa jimbo, yaani jiji na maeneo ya jirani, ulitoka kwenye gesi na mafuta kwa karibu asilimia 70. Mwaka 2021 ikawa karibu 90, na mwaka huo Indian Point ilikuwa bado imefanya kazi miezi minne ya mwanzo! Huku kaskazini mwa jimbo, kwenye maporomoko ya Niagara na vinu vya kando ya ziwa Ontario, zaidi ya asilimia 90 ya umeme ulikuwa hauna moshi. Jimbo moja, gavana mmoja, sheria ya mazingira moja ya 2019 inayotaka umeme wote uwe safi ifikapo 2040, na sehemu yenye watu wengi zaidi ndiyo iliyorudi nyuma. Tena usijidanganye kwamba utachukua ule wa kaskazini uushushe chini, laini za kusafirishia zinabanwa katikati ya jimbo, ndio maana eneo ulipo mtambo lina uzito sawa na ukubwa wake.

Watetezi wa kufunga hapo watakwambia subiri kebo ya Champlain Hudson. Haya, tuiangalie. Kebo inatoka Québec, Canada, inapita chini ya ziwa Champlain na mto Hudson mpaka Queens ndani ya jiji la New York, megawati 1,250. Hata ikijaa mwaka mzima bila kupumzika inaleta kama terawati-saa 11, wakati Indian Point ilikuwa inatoa 16 hivi kwa sababu vinu vya nyuklia vinatembea usiku na mchana. Alafu watu wa Québec wanapasha nyumba kwa umeme, kwa hiyo baridi ikikaza wanauhitaji wenyewe, na mkataba hauwabani kuleta kiwango fulani majira ya baridi, NYISO kwenye mipango yake ya baridi inaihesabu kebo hiyo kama sifuri. Na kubwa kuliko yote, mkataba wa kununua huo umeme ulipitishwa na tume ya huduma za umma ya jimbo Aprili 2022. Kinu cha mwisho kilikuwa kimezimwa karibu mwaka mzima kabla ya hapo. Kebo yenyewe ikapangiwa kuanza kazi 2026.

Upepo wa baharini nao, mradi wa South Fork ulikamilika Machi 2024, mitambo 12, megawati 130. Miradi mikubwa ikakwama, riba zikapanda, mikataba ikavunjwa ikatangazwa upya. Hilo sitamlaumu Cuomo, mwaka 2017 hakuna aliyeijua bei ya chuma ya 2023, lakini ndio maana huwezi kufunga mtambo kwa tarehe ya uhakika ukitegemea kitu chenye tarehe ya matumaini.

Nenda Brooklyn ufukweni Sunset Park uone bili hiyo inalipwa na nani. Kuna matishari yameegeshwa majini pale Gowanus na Narrows, juu yake majenereta ya miaka ya sabini mwanzoni, yanawashwa siku za joto kali wakati kila nyumba imewasha kiyoyozi. Pembeni ni mitaa ya wahamiaji na watu wa kipato kidogo. Kanuni ya jimbo ilitaka yaondoke Mei 2025, Novemba 2023 NYISO ikasema hapana, jiji litapungukiwa, yabaki kwanza. Sababu sio Indian Point peke yake, mahitaji yanapanda na mitambo mingine ya aina hiyo ilikuwa imeshazimwa, ila ni nani atakayesema kwamba megawati 2,000 za jirani zisingesaidia? Hofu ya ajali ambayo haikutokea iliondolewa kwa watu wa Westchester, moshi ambao upo kweli ukabaki kwa watu wa Brooklyn, na sijasikia wakiulizwa.

Kuna jibu moja la upande wa pili ambalo nalipa uzito. Entergy yenyewe ilitaka kuondoka, gesi ya bei poa ilikuwa imeshusha bei ya umeme sokoni na ilishachoka na kesi za leseni. Sasa utaendeshaje mtambo wa mtu asiyeutaka? (Na hapo lile tusi la vibaraka wa kampuni linakufa lenyewe, kampuni ilikuwa upande wa kufunga.) Lakini mwaka 2016 jimbo hilohilo liliamua kuvilipa vinu vya kaskazini, Ginna, FitzPatrick na Nine Mile Point, visife kwa bei hizohizo za soko. Hela ilipatikana palipotakiwa ipatikane. Na ndani ya makubaliano ya 2017 kulikuwa na kipengele kinachoruhusu kusogeza mbele mpaka 2024 na 2025 pande zikikubaliana kuna dharura. Mlango uliachwa wazi, hakuna aliyeupita.

Juni 2025 gavana Kathy Hochul akaagiza shirika la umeme la jimbo lijenge nyuklia mpya isiyopungua gigawati moja, tena kaskazini, juu ya kile kizibo cha laini. Yaani nusu ya walichozima, upande usio na njaa.

Kinachofuata ni 2029, mwaka ambao leseni walizokuwa wakitumia Ginna na Nine Mile Point namba 1 ziliandikiwa kuisha. Wote wawili ni wazee, wa mwisho wa miaka ya sitini. Wanaotaka wapumzishwe wana haki ya kudai hivyo, ila safari hii waje na tarehe ya mkataba wa mbadala inayotangulia tarehe ya kuzima.