Kabla ya juisi ya ini, chambueni karanga

Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tanga: bitiruti, tangawizi, ndimu na kitunguu saumu, saga pamoja, kunywa asubuhi kabla ya kula kwa siku 7, ini linasafishika. Watu wanautuma kwa nia njema, kwa mama zao na shangazi zao. Kinachoniuma ni kwamba nyumba hiyohiyo inayosaga juisi asubuhi, jioni inaunga mchicha kwa karanga za fungu la "za kusaga".

Fungu hilo mnalijua. Karanga nono zimepangwa mbele, na nyuma, kwenye ungo, kuna zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, nyingine zimeshaanza kuchipua.

"Bibi, hizi nazo vipi?"

"Hizo za kusaga, mwanangu. Zikishasagwa hazijulikani."

Ni kweli, hazijulikani. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi, haina rangi, haina harufu, wala haina ladha ya kukutahadharisha. Ukungu wa kijani unaweza kuuosha ukatoka, sumu ikabaki ndani ya punje. Moto wa jikoni hauimalizi: inahimili nyuzi joto zaidi ya 200, na sufuria ya ugali au ya mchuzi haifiki huko. Ikiingia mwilini inakwenda kwenye ini, na ini katika kuhangaika kuivunja linaigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba vya seli. Saratani ya ini huanzia hapo. Mwenye virusi vya homa ya ini B hatari yake huongezeka hadi mara 30. Hakuna bitiruti ya kuondoa hilo. Ini halisubiri kusafishwa, lenyewe ndilo linalosafisha. Linachohitaji ni kupunguziwa mzigo.

Mwaka 2004 Kenya waliugua watu 317 kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara. Hao walikula nyingi kwa muda mfupi. Sisi tunaokula kidogo kidogo kila siku hatuanguki, na ndiyo maana tunajiona tuko salama.

Linalonitia uchungu zaidi ni unga wa lishe. Mahindi, ulezi, soya, karanga, vyote vinasagwa pamoja, na mtoto wa miezi 7 anaupata uji huo mara mbili au tatu kwa siku. Ini lake ni dogo, uzito wake kilo chache, na hana chakula kingine cha kubadilisha. Mama amejinyima ili mwanawe apate karanga. Akiuziwa unga uliokwisha kusagwa, hana njia yoyote ya kujua kilichoingia mle. Nawasihi, msinunue unga wa lishe wa kupimiwa ambao hamjui ulikotoka. Nunueni nafaka nzima, zichambueni wenyewe, zipelekeni mashineni, na sageni za wiki mbili tu.

Kuchambua kwenyewe hakuna ufundi mkubwa, kunataka mwanga na subira. Mwaga kilo 1 ya karanga kwenye kitambaa cheupe, nje, mchana. Toa iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, yenye tundu, iliyochipua. Kaanga kwa moto mdogo, zipoe, fikicha maganda, pepeta. Halafu chambua mara ya pili, maana ganda lilikuwa linaficha. Pasua chache katikati: ukiona ukungu wa kijivu au weusi kati ya vipande viwili, rudi kwenye ungo wote. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme. Ulizotoa usimpe kuku wala ng'ombe, zifukie.

Mahindi ya Handeni na Kilindi yanaweza kufika mjini yakiwa makavu, kisha hewa yetu ya pwani ikayarudishia unyevu. Yapime kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika 2 au 3, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, hayafai kuwekwa. Hapa Tanga wengi wanakosea kitu kimoja: chumvi yenyewe imeshavuta maji. Ikaange kwanza kwenye kikaango, ipoe. Hata isipoganda, anika siku moja zaidi, kwa sababu ghala linataka asilimia 13.5. Anika juu ya turubai, si chini, tandaza kwa unene wa vidole viwili, geuza kila nusu saa, na anua kabla jua halijazama. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kuhusu dona, nakubali kwamba ina nyuzinyuzi kuliko sembe. Lakini sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, vile vitu vinavyotoka wakati wa kukoboa. Dona ya mahindi yasiyochambuliwa haina sifa yoyote ya afya. Yachambue, yatie kwenye maji, engua yanayoelea utupe, anika yaliyozama, ndipo usage dona. Ukiwa na shaka, koboa.

Na pumba zenye ukungu zisiende zizini. Ng'ombe akizila leo, sumu inaonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja, na kuchemsha hakuitoi.

Mengine mnayajua: gongo inaua ini, soda za kila siku zinalijaza mafuta, na kipimo cha homa ya ini B kila mtu mzima akifanye.

Kahawa chungu ya barazani Ngamiani sina ugomvi nayo. Tafiti nyingi zimeonyesha wanywaji wa kahawa hupata magonjwa ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa. Ila kashata inayokwenda nayo, ivunje uiangalie. Ikiwa karanga zake ni nzima, unaona unachokula. Ikiwa zimesagwa tifutifu, muulize muuzaji nani alizichambua. Akikosa jibu, chukua ya nazi.