Kapteni wa Tanga na ule mkono begani

Basi bwana, balaa langu mimi ni kuwa na bando na muda kwa wakati mmoja. Shangazi kanipa picha ya babu niiskani kwa ajili ya siku ya ukoo wetu kule Tanga, ile tunakutana tunasoma dua, tunakula pilau, halafu tunagombania kiwanja. Picha ya studio, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Babu kasimama kama mlingoti, kepi kichwani, koti jeupe lenye mabega ya nyuzi zinaning'inia, mshipi wa kitambaa umekatiza kifuani, upanga kiunoni, na medali sita. SITA. Pembeni yake kuna jamaa kavaa kanzu na kofia, kamwekea babu mkono begani, anatazama chini kama mtu anayesubiri picha iishe akaendelee na mambo yake.

Sasa kwetu siku zote husemwa kuna babu wa ukoo huu alikwenda Bama, yaani Burma, kupigana Vita Kuu ya Pili. Babu gani, kila mtu anasema lake. Babu yangu mwenyewe alifariki wanawe wadogo sana, hata sura yake hawaikumbuki. Mimi kuona zile medali nikasema tunatafuta nini tena jamani, si huyu hapa.

Nikakesha siku tatu nasoma habari za Keya. Keya ndiyo King's African Rifles, zile herufi KAR watu wetu wakazitamka walivyoweza, jeshi la mkoloni toka 1902. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Bama kupambana na Mjapani, wakashuka bonde la Kabaw na mvua na malaria na matope mpaka Kalewa, Desemba wakavuka mto Chindwin. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Nikakuza picha kumtafuta kifaru kwenye bega la babu, lakini bega lenyewe limezibwa na ule mkono wa jamaa wa kanzu. Nikahitimisha kwamba kifaru yupo chini ya mkono.

Na hapo ndipo ningeacha kama ningekuwa na akili, maana dalili zilikuwa nyingi tu. Nimesoma kwa macho yangu kwamba Bama askari wa Keya walivaa kofia pana za kitambaa kigumu, upande mmoja umekunjwa juu, na kwenye gwaride za enzi zile walivaa tarbushi. Babu ana kepi. Nikasema kaazima. Kwenye mkono ana V tatu za sajenti na mabegani naona nyota tatu za kapteni, mtu mmoja vyeo viwili, nikasema alipanda haraka hawakuwahi kuzing'oa zile V. Nyuma ya picha imeandikwa kwa penseli, tena mwandiko safi kabisa, TANGA 1938. Vita yenyewe imeanza 1939. Nikasema babu alikuwa mtu wa kujiandaa mapema.

Nikarusha kwenye grupu la ukoo: "Kapteni wetu, shujaa wa Bama." Weee! Makopakopa, bendera, watu wanalia. Baba Mkubwa peke yake, mstaafu wa JWTZ, ndiye aliyeandika kwamba enzi hizo Mwafrika ndani ya Keya alikuwa hapewi uofisa, mwisho wake wonti ofisa, sasa ukapteni umetoka wapi. Nikamjibu, "Shikamoo Baba Mkubwa, mzee alikuwa na kipaji." Akanyamaza. Na wewe ungekuwa yeye ungefanyaje, unaambiwa baba yako kapteni halafu ubishe?

Aliyekuwa na jibu alikuwepo, Bibi Mdogo, dada wa mwisho wa babu, kavuka miaka tisini na uzi bado anatunga kwenye sindano mwenyewe. Ila hana WhatsApp.

Tukachanga. Bango moja kubwa la mita tatu na tisheti 40. Fundi wa kuprinti akaniambia yule wa kanzu anaharibu muonekano, nikamwambia mkropu. Kamkropu vizuri tu, isipokuwa mkono haukutoka kwa sababu umelala juu ya bega la babu. Kwa hiyo tisheti zote 40 zina Kapteni na vidole vinne vya mtu asiyekuwepo. Watoto wakaanza kuuliza huu mkono wa nani, nikawaambia wa mpiga picha. Hakuna aliyejiuliza mpiga picha huyo ana mkono wa mita ngapi.

Siku yenyewe nimeshika maiki. Nikaeleza Kabaw, nikaeleza Chindwin, nikaonyesha kwa fimbo ile medali yenye ncha sita kwamba ndiyo Burma Star (baadaye nikaja kuona nyota hiyo imeanzishwa 1945, miaka saba baada ya picha, lakini muda huo nilikuwa na maiki). Baba Mkubwa kainuka kwenye kiti, magoti yanalia kama bawaba, kakaza kifua, kapiga saluti mbele ya bango. Kina mama wakapiga vigelegele.

Ndipo nikasikia kicheko. Cha Bibi Mdogo. Anacheka mpaka ushungi umedondoka.

"Bama gani tena? Huyu si Kapteni wa Marini!"

Nikamuuliza, "Marini ndiyo jeshi la majini, bibi?"

"Beni, mjukuu wangu! Beni!"

Ngoma. Babu alikuwa mcheza ngoma. Wale wa beni bwana, Marini na mahasimu wao Arinoti, waliokuwa wakivaa kama wazungu wa jeshi na kupiga kwata barabarani na tarumbeta na dramu, na vyeo vyao kamili, Kingi, Jenerali, Kapteni. Upanga wa mti. Burma Star kakata fundi bati. Bibi akaomba asogezwe kwenye bango, akaanza kuzipitia moja moja: hii kifuniko cha kopo la poda, hii kifungo cha koti la posta, "na hii, subhanallah, hii rupia ya Mjerumani mama kaitafuta mwezi mzima, kumbe kaitoboa huyu mwizi!" Na mto alivuka kweli, mto Pangani, kwa mashua, kwenda kushindana na Arinoti, na wakashindwa kwa sababu wenzao walichinja ng'ombe wawili.

Watu hoi. Mimi natafuta pa kuweka maiki. Bibi naye akatulia, akatazama bango kutoka kushoto kwenda kulia, akatazama tena.

"Na kaka yangu mwingine mmempeleka wapi? Walipiga wawili."

Nikasema, bibi, yule wa kanzu nilimkata.

"Umemkata nani? Huyo ndiye aliyekwenda Bama!"

Yaani Babu wa Muheza. Mzee mmoja mpole wa mashamba, ukimuuliza habari za vita anakwambia yeye maisha yake yote alikata mkonge. Aliandikishwa Keya vita ilipopamba moto, akarudi na kabuti moja na kofia. Kusikia kofia mwili ukanisisimka. Kofia pana, ngumu, upande mmoja umekunjwa juu. Ilikuwa bandani kwake, kuku wanatagia humo. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la pili nilikuwa natumwa kwenda kutoa mayai kwenye kofia ya Bama, halafu ukubwani nimekesha siku tatu kuitafuta kwenye picha ya mcheza ngoma.

Nikageuka kuangalia meza ya wajukuu zake wa Muheza. Wote kumi na moja wamevaa tisheti zangu.

Baba Mkubwa bado kasimama palepale mbele ya bango, mkono umeshuka nusu. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo shangazi, ile saluti nimempigia nani?"

Bibi Mdogo akainua mkongojo wake akaviwekea vile vidole vinne. "Piga tena. Lenga hapa."