Kupindisha Mpira Mweupe Si Ndumba

Kuna bwana mmoja wa meza za pool za Tandika, jina namhifadhia, juzi kapindisha mpira mweupe ukauzunguka ule mweusi uliokuwa umemzibia njia, ukaenda kuusukumia mwekundu wake wa mwisho kwenye shimo la kona. Kijiwe kizima kikalipuka. Na mimi nilipiga kelele, sikatai, maana ule mpira ulikuwa mtamu. Kilichonikera ni kilichofuata. Kijana mmoja anayejifunza ufundi wa pikipiki pale jirani akamsogelea kwa adabu zote: "Shikamoo kaka. Samahani, ile umepigaje?" Bwana mkubwa akapaka chaki taratibu, akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Mdogo wangu, hii kitu mtu anazaliwa nayo." Watu wakacheka. Mwingine akadakia kwamba jamaa kaenda kwa babu, kachanjwa vidoleni. Wakacheka tena. Kijana akarudi kwenye benchi lake.

Nimechoka na hizi habari. Tunacheza pool nchi nzima, kuanzia baa za Sinza mpaka vibanda vya mabati huko ambako hata umeme haujafika vizuri, na bado kitu kidogo chenye maelezo ya dakika kumi tunakifanya kiwe siri ya ukoo. Haendi mtu kwa babu kwa ajili ya kupindisha mpira. Babu mwenyewe hajui.

Na anayejua hasemi, kwa sababu ya dau. Tuongee ukweli. Ukimfundisha kijana leo, kesho anakufunga, na ile elfu tano yako ya jioni imekwenda. Naelewa njaa. Lakini basi sema, "Sikufundishi, nalinda riziki yangu." Usitudanganye kwamba malaika walikushika mkono ukiwa tumboni kwa mama yako.

Ujanja huu ni wa kale, tena haukuanzia kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19 kulikuwa na Mwingereza mmoja, Jack Carr, mhudumu wa chumba cha biliadi, ndugu mkubwa wa pool yetu, kule Bath. Yeye alikuwa kati ya watu wa kwanza kugundua kwamba ukiupiga mpira ubavuni badala ya katikati, unaweza kuufanya ufanye mambo ya ajabu. Wateja walipomuuliza siri, hakuwaambia wapige wapi. Aliwaambia siri iko kwenye chaki yake, chaki maalumu ya kuzungushia mipira, akawa anawauzia kwenye vidude vidogo kama vya vidonge kwa bei ya kuchekesha. Chaki ya kawaida kabisa! Waungwana wa Kiingereza walinunua ndumba, sema tu ilikuwa nyeupe na imefungwa vizuri.

Halafu weka pembeni yake Mfaransa, François Mingaud, kapteni wa jeshi. Inasimuliwa kwamba alifungwa gerezani Paris kwa sababu ya siasa, humo ndani mlikuwa na meza ya biliadi, akakaa anaichezea mpaka akaja na ncha ya ngozi, hii hii ambayo kwenye fimbo za baa zetu imebaki kipande kilichokauka au haipo kabisa. Ngozi inang'ata mpira. Mbao tupu inateleza. Mingaud alikuwa wa kwanza kujulikana kwa kuinua fimbo na kuufanya mpira uchore upinde mezani, na mwaka 1827 akakitoa kitabu, michoro na yote, kila mwenye macho asome. Huyo ndiye mchezaji. Carr alikuwa mfanyabiashara.

Sasa nije kwenye uongo mkubwa kuliko wote, ule unaoniudhi zaidi hata ya ndumba, kwa sababu unasemwa na watu wanaojiona wataalamu. Uongo wenyewe ni huu: "Piga ubavuni, utapinda wenyewe." Haupindi. Lala chini, fimbo iwe imelala sambamba na meza, piga mpira mweupe ubavu wa kushoto kadiri unavyotaka: utaondoka moja kwa moja huku unazunguka kama pia. Tena mwanzoni kabisa unachepuka kidogo kwenda kulia, upande wa pili wa ulikopiga, ndiyo maana vijana wanakosa mipira rahisi wakati wanajaribu mbwembwe. Ule mzunguko wa pia unaanza kuonekana mpira ukigonga ukingo, hapo ndipo unarudi kwa pembe isiyotegemewa. Lakini njiani, kwenye kitambaa? Hakuna kitu.

Kinachoupindisha ni kitako cha fimbo, yaani mwisho wake wa nyuma, kuinuka. Ukiinua kitako na ukapiga ubavu, unakuwa unaupiga mpira kwa kuushukia, na ule mzunguko hausimami tena wima. Unalala upande. Mpira unakwenda mbele huku chini yake, pale unapogusana na kitambaa, kuna msuguano unaouvuta pembeni. Ndiyo maana ubavu wa kushoto na kitako juu vinauleta mpira kushoto; ubavu wa kulia, kulia. Na unapinda kwa muda ule tu ambao bado unateleza. Ukishaanza kubingirika vizuri, upinde umekwisha, unanyooka na safari yake.

Najua mtabisha. "Mbona mimi nimelaza fimbo na nimeuona ukipinda?" Hukuilaza. Ukingo wa meza uko juu kuliko katikati ya mpira, kwa hiyo karibu kila pigo fimbo imeinuka kidogo, utake usitake. Ukipiga polepole na ubavu mwingi, ule mwinuko mdogo unatosha kukupa upinde mwembamba, halafu unakwenda kutangaza kijiweni kwamba ubavu ndio siri.

Huko mbele mambo ni matamu zaidi. Mwaka 1835 Mfaransa mwingine, Gaspard-Gustave de Coriolis, profesa wa hesabu na mitambo, aliandika kitabu kizima juu ya hesabu za biliadi. Ni yule yule wa nguvu ya Coriolis, inayofanya kusi yetu ikate kona ikishavuka ikweta, itoke kusini mashariki na kugeuka kuwa upepo wa kusini magharibi unaoelekea Bara Hindi. Mabaharia wetu walipanda upepo huo karne na karne. Mtu huyo huyo alikaa akapiga hesabu ya mpira wa biliadi, akatoa kanuni ambayo hata asiyejua hesabu anaweza kuitumia leo jioni.

Iko hivi. Weka mpira mweupe. Inua fimbo yako, ielekeze pale unapotaka kupiga. Sasa jifanye fimbo inaupenya mpira, inatokea upande wa pili na kuchoma kitambaa. Weka alama ya macho pale ingechoma. Halafu vuta mstari kutoka pale mpira ulipokalia kitambaa kwenda kwenye ile alama. Mpira, ukishamaliza kupinda, utanyooka kuufuata uelekeo wa mstari huo. Basi. Upige kwa nguvu, upige kwa upole, uelekeo wa mwisho ni ule ule. Nguvu inabadilisha upinde uanzie wapi. Ukipiga taratibu unapinda mapema, karibu na mkono wako. Ukipiga kwa nguvu unakimbia kwanza, kisha ndio unakuja. Yule bwana wa Tandika anafanya hivi kila siku. Hajui kama anafanya hesabu ya mwaka 1835, lakini mkono wake unajua, na angeweza kumwonyesha yule kijana kwa kidole tu pale kwenye kitambaa.

Nikimpata kijana wa namna ile, namwambia asianze na fimbo iliyosimama. Hiyo ni ya kwenye klipu za simu. Aanze na upinde mdogo, ule wa kukwepa nusu ya mpira. Kitako kiinuke kiasi cha mtu anayepiga juu ya mpira uliokaa karibu na ukingo. Mkono wa mbele usimame kwenye ncha za vidole, kidole kidogo kikandamize kitambaa, maana mkono ukitikisika hapo, kwisha. Alenge nje ya mpira uliomzibia, sio kwenye mpira anaoutaka. Hapa ndipo roho inagoma, unaona kabisa unapiga pasipo na kitu. Na asisukume. Pigo liwe fupi, fimbo ishuke, iume, iishie hapo. Asiye na chaki asijaribu, ncha itateleza na mpira mweupe utakwenda kumsalimia muuza chipsi.

Kitambaa nacho kina neno lake. Cha kwetu pwani, miezi ya mvua, kimejaa unyevu na vumbi, kinashika mpira upesi, kwa hiyo upinde unakuja mapema. Kitambaa kipya kinateleza, upinde unachelewa. Kwa hiyo zile klipu za Florian Kohler, Mfaransa wa mbwembwe za pool mtandaoni, ambaye kwa kupindisha sina la kumwambia, namvulia kofia, zisikupotoshe: meza yake inang'aa, na mpira wake mweupe ni saizi moja na mingine. Meza zetu nyingi za sarafu mpira mweupe una ukubwa au uzito wa tofauti, kusudi meza iutambue ukizama na iurudishe. Mkono uliozoea meza moja lazima ujifunze upya ukihamia nyingine. Na klipu hazionyeshi mipira iliyoruka ikavunja chupa.

Wenye meza mna hoja, nakubali, ingawa kwa shingo upande. Kitambaa ni ghali, na mlevi aliyesimamisha fimbo wima saa sita za usiku ni hasara inayotembea. Wekeni marufuku ya fimbo wima, haki yenu. Lakini kibao nilichokiona Temeke kimeandikwa "MARUFUKU KUPINDISHA" ni uonevu, tena kimetundikwa juu ya rafu ya fimbo nne, ambazo tatu hazina ngozi. Kitambaa chako hakichanwi na upinde, kaka. Kinachanwa na chuma na mbao zilizobaki baada ya wewe kukataa kununua ncha. Ncha mpya na gundi yake ni pesa ya soda chache.

Kuna na wale wa "mchezo wenyewe wa wahuni". Haya. Mwaka 2016 tulisikia sana amri za vijana wasionekane kwenye pool asubuhi, saa za kazi. Kazi zenyewe mtatuonyesha siku nyingine. Na akina dada wanaotaka kucheza bado wanaambiwa washike mikoba ya wenzao, jambo linalostahili makala yake.

Kingine nikubali kabla sijaandikiwa huko chini: mara nyingi kupindisha si jibu. Mchezaji mzuri akizibiwa njia anaangalia ukingo kwanza, anapiga ukingo mmoja au miwili, anafika. Efren Reyes wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa mwaka 1999, jina alilijenga zaidi kwa kusoma kingo za meza kuliko kwa mipinde. Kweli. Lakini zipo hali ambazo ukingo umezibwa nao, mpinzani kakuficha nyuma ya mpira wake akitabasamu, na kilichobaki ni upinde wa sentimita chache au kumwachia mapigo mawili ya adhabu. Mtu anayejua kwa nini mpira unapinda anajua pia kwa nini unakataa kunyooka pale alipotaka unyooke, na hiyo inamsaidia kwenye kila pigo la siku.

Ndugu zangu mnaosema tukifundishana dau litakufa: litakuwa gumu, halitakufa. Atakayekufunga atakuwa mtu anayecheza vizuri. Mnaogopa nini?

Yule kijana wa pikipiki nimeshamwambia. Jumamosi asubuhi, kabla wababe hawajaamka, meza huwa tupu na mwenye kibanda ana usingizi. Aje na chaki yake. Tutaanza na fimbo kitako juu kidogo, mpira mmoja wa kuzibia njia, na alama ya macho kwenye kitambaa. Mkuu wa wilaya akipita, tutasema tunasoma hesabu.